Naomba ushauri: mafundi wamechimbua vitu vya Wapolandi Tengeru

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Nina kiwanja Tengeru, huku Arusha, upande wa Ziwa Duluti. Juzi mafundi wakichimba shimo la choo, kama mita moja hivi chini, wakakutana na tabaka la majivu. Ndani yake kulikuwa na kikombe cha bati cheupe kilichobanduka rangi, chupa mbili nene za dawa na kifungo cha shaba chenye tai aliyevaa taji, nembo ya Polandi.

Bibi yangu alikuwa akituambia habari za kambi ya Wapolandi, karibu watu 5,000, iliyoanza 1942. Wengi walikuwa kina mama na watoto. Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan kukata magogo na kulima, kisha wakapitia Uajemi hadi huku kwetu. Makaburi yao bado yapo.

Sasa nimekwama. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda hasa vitu vya kabla ya 1863, hivi ni vya juzi tu. Je, niripoti wapi, halmashauri au makumbusho? Watanisimamishia ujenzi? Fundi anadai hela yake kila siku.

Na kikombe, mwanangu keshakisugua kwa stili waya (nilitamani kulia). Chupa sijaziosha, zina udongo wake. Niziache hivyo hivyo? Shimo nimelifunika kwa turubai, na mvua ndiyo hiyo inakuja.