Pori lililokatwa makala (mkaa) barabara ya Kasenga: liachwe lirudi lenyewe au lipandwe miti?

Yaya_Katuba

Jambo ndugu zangu. Kuna eneo la hekta 12 hivi barabara ya Kasenga, nje kidogo ya Lubumbashi. Wachoma makala walimaliza kukata kiangazi kilichopita. Miti mikubwa yote imekwenda, zimebaki visiki, nyasi ndefu na alama za matanuru. Hekta 3 za upande wa kijito zililimwa mahindi miaka sita mfululizo, na visiki vyake viling'olewa. Hekta 9 hazijawahi kulimwa.

Mwenye eneo anataka pori lirudi, na ana pesa kidogo ya kununua miche ya akasia. Majirani huchoma nyasi kila Septemba. Je, apande kote au aache? Moto auzuie kabisa au achome mapema? Na viwavi, uyoga na wanyama wadogo, vitarudi au ndiyo basi?

Bota_Kasapa

Yaya, kabla ya kununua hata mche mmoja, ingieni humo na kamba mhesabu visiki. Pimeni miraba ya mita 20 kwa 20, kama kumi hivi, iliyotawanyika eneo zima, isiwe kando ya barabara tu. Katika kila mraba andikeni visiki vyenye chipukizi hai na jina la mti. Hesabu ya mraba mmoja mkizidisha kwa 25 mnapata ya hekta. Mkikuta visiki hai 8 au zaidi kwa mraba, yaani 200 kwa hekta, hapo msipande chochote. Kazi imeshafanywa na mizizi.

Sababu ni hii. Miti inayotawala pori letu la miombo, muputu na musamba (Brachystegia), mutondo (Julbernardia), mutobo (Isoberlinia), haiweki akiba ya mbegu udongoni. Maganda yake hukauka juu ya mti, yakapasuka kwa mlio mwisho wa kiangazi na kurusha mbegu mita chache tu kutoka kwenye mti mama. Mvua ya kwanza ikinyesha, mbegu huota papo hapo au huoza au huliwa na panya. Hakuna inayosubiri mwaka wa pili. Mti mama ukishakatwa, usitegemee mbegu zake tena. Kinachorudisha pori ni visiki, mizizi, na miche midogo iliyokuwa kivulini kabla ya shoka kufika.

Miche hiyo watu huidharau kwa sababu hawaioni. Shina lake huwa la sentimita 15, na kila kiangazi hukauka likaota tena. Lakini chimba mmoja taratibu: chini utakuta mzizi mnene kama karoti, umeweka chakula miaka mingi ukingoja mwanga. Sasa mwanga umepatikana. Trekta au jembe likipita hapo mara moja, hazina hiyo imekwisha.

Kuhusu visiki: kisiki kimoja hutoa chipukizi nyingi, hata ishirini. Mwaka wa kwanza na wa pili ziacheni, zenyewe zitashindana. Mwaka wa tatu, kati ya Mei na Juni, bakizeni mbili au tatu zenye nguvu. Chagueni zilizotoka chini karibu na udongo, si zile za juu kwenye ukingo wa kisiki. Za juu hushikwa na gome tu. Kisiki kikianza kuoza, upepo huzivunja. Kateni kwa panga kali, msizing'oe kwa mkono, gome litachanika.

Sehemu za matanuru msihangaike nazo. Udongo wake umeungua ukawa mwekundu, mizizi ya chini imekufa, na miti itachelewa sana kurudi hapo. Ukilinganisha na eneo zima ni madoa madogo. Hekta 9 zikitunzwa, baada ya miaka 20 hadi 30 mtakuwa na pori la miti inayofaa kukatwa tena.

Hekta 3 za mahindi ni habari nyingine kabisa. Hapo hakuna kisiki, hakuna mzizi, hakuna mbegu. Zikiachwa hivyo zitabaki nyasi.

Moto_wa_Juni

Naongezea upande wa moto, maana hapo ndipo pori hufia watu wakidhani shoka ndilo lililoua.

Ng'ambo ya mpaka, Ndola nchini Zambia, kulianzishwa majaribio mwaka 1933. Viwanja vya miombo vilifanyiwa mambo matatu tofauti kwa miaka mingi: kimoja hakichomwi kabisa, kingine huchomwa mwanzo wa kiangazi, kingine mwisho wa kiangazi. Kilichochomwa mwisho kilipoteza miti kikawa nyasi ndefu na miti michache migumu. Kilichochomwa mapema kilibaki miombo. Kisichochomwa kilianza kujaa vichaka vya kijani kibichi mwaka mzima, kikielekea kuwa muhulu, yaani msitu mnene usiopukutisha majani. Udongo ule ule, mvua ile ile. Tofauti ni tarehe ya kiberiti.

Mwezi Juni nyasi zimekauka juu lakini chini bado zina maji, usiku ni baridi na umande ni mwingi, moto hufika magotini ukazima wenyewe usiku. Septemba kila kitu kimekauka, upepo ni mkali, na miti ya miombo tayari inatoa majani mapya kabla ya mvua. Moto wa wakati huo hupanda juu ukaunguza jani jipya na gome jembamba kwa pamoja. Kisiki huanza upya kutoka chini. Mwaka wa tatu au wa nne wa kuanza upya, akiba ya mzizi imekwisha. Inayobaki ni miti yenye kuvumilia moto: mulombwa, mupundu, kayimbi, mwenge. Ukiona pori lina hiyo tu na nyasi za kumzidi mtu urefu, jua historia yake.

Kwa Yaya: msichome ndani ya hekta 9 sasa. Hata moto wa Juni huua chipukizi ya mita moja. Chomeni mpakani tu. Eneo la hekta 12 likiwa mraba, mzunguko wake ni kama mita 1,400. Limeni mistari miwili sambamba, kila mmoja upana wa mita moja na nusu, udongo ubaki mtupu, na kati yake muache mita 10 za nyasi. Mistari ilimwe Mei. Nyasi za katikati zichomwe kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni.

Namna ya kuchoma: ng'oa fungu la nyasi uliangalie. Juu liwe kavu, shina karibu na mzizi liwe bado na ukijani. Anzeni saa kumi jioni, jua likishapoa. Upepo wa kiangazi hapa Lubumbashi hutoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo washeni upande wa kaskazini-magharibi kwanza ili moto urudi polepole dhidi ya upepo. Watu wanane, matawi mabichi mikononi, pampu mbili za mgongoni zenye maji. Mita 300 kwa jioni moja zinatosha. Shefu wa kijiji na majirani wajue siku mapema.

Kinachoharibika mara nyingi si jioni ile, ni kesho yake. Gogo kavu au kisiki kilichooza huficha kaa ndani usiku kucha. Saa tano asubuhi upepo ukiamka, cheche inaruka. Mtu apite saa kumi na mbili asubuhi, aguse kila gogo kwa nyuma ya mkono, lenye joto limwagiwe maji na kufukiwa udongo.

(Kuhusu upepo huo wa kusini-mashariki: ndio uliobeba moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba tangu 1911 na kuuangusha kaskazini-magharibi ya bomba lake kubwa la moshi. Huko shaba imo udongoni, miti hairudi kwa kuzuia moto tu. Lazima chokaa na mbolea ya mboji kwanza, kisha nyasi zinazovumilia shaba. Kwenye pori la makala mizizi na udongo vipo, ndiyo maana linastahili kupewa nafasi.)

Kisanga_4

Mimi nakubaliana na Moto_wa_Juni kwa miaka minne ya kwanza, baadaye sikubaliani na wale wanaosema moto uzuiwe milele. Nyasi zinazojikusanya miaka mitano bila kuungua zikishika moto Septemba, huo hauzuiliki kwa matawi, na pori lote linarudi sifuri kwa siku moja. Chipukizi zikipita mita 3 na gome likianza kupasuka-pasuka, anzeni kuchoma ndani mwezi Juni, sehemu moja ya tatu kila mwaka, kwa kuzunguka. Kivuli kikishafunga, nyasi hupungua na moto hukosa chakula.

Mama_Viwavi

Dada Yaya, kuhusu wanyama. Viwavi hawangoji miti mikubwa. Wanataka majani ya mutondo, muputu na ndugu zake, na chipukizi za miaka michache wanazila vizuri kabisa. Tena hizo unazifikia kwa mkono. Kwenye mti mrefu watu huangusha mti mzima kwa ajili ya kikapu kimoja. Kiwavi akishiba hushuka na kujifukia udongoni sentimita chache, hukaa humo kiangazi chote, na nondo hutoka mvua zikikaribia kutaga kwenye majani mapya. Moto wa Septemba ukiwa umeunguza majani hayo, hakuna cha kula. Wekeni sheria moja: wakati wa kuokota, hakuna shoka wala jembe, na sehemu moja isiokotwe kabisa ili wapate kushuka chini.

Uyoga wa pori (si ule wa vichuguu) huishi pamoja na mizizi ya muputu na mutondo. Mzizi ukiwa hai, uyoga utaendelea. Kwenye hekta 3 za mahindi umeshaondoka.

Vichuguu vikubwa msiviguse! Pande hizi huwa 3 hadi 5 kwa hekta, na watengeneza matofali watakuja kuomba udongo wake. Miti ya juu ya kichuguu si ile ya porini pembeni. Ndege, mijusi na wanyama wadogo hukimbilia hapo pakiungua. Kichuguu kikichimbwa hakirudi maishani mwetu.

Na miti iliyokufa ikiwa bado imesimama, iacheni hata mitano kwa hekta. Ndege wanaotaga kwenye matundu hawana pengine pa kwenda, maana chipukizi haina tundu.

Kuchoma kwa zamu alikosema Kisanga_4 kunafaa pia kwa swala: huja kwenye majani mapya ya pale palipoungua Juni, na hujificha pale pasipoungua. Kwenye mbuga kubwa kama Upemba na Kundelungu kanuni ni hiyo hiyo. Mbaya ni kuungua kote kwa wiki moja, mama hana nyasi za kuficha mtoto. Ila mjue mwindaji naye anajua kwamba swala watakuja hapo.

Yaya_Katuba

Aksanti sana. Tumehesabu miraba sita ya kwanza: visiki hai 11, 9, 14, 7, 12, 10. Basi hekta 9 haziguswi. Zile 3 je? Akasia kote?

Bota_Kasapa

Wastani wenu ni kama 10 na nusu, zaidi ya 260 kwa hekta. Vizuri mno.

Kwenye zile 3, wekeni akasia (auriculiformis) hekta moja tu, ya kutoa makala ili watu wasirudi kwenye 9. Mbegu zake zimwagiwe maji yaliyochemka na kuachwa zipoe humo saa 24, bila hivyo haziamki. Mita 3 kwa 3, miche 1,111 kwa hekta, kukata baada ya miaka 6 hadi 8. Majani yake makavu huwa zulia nene linaloshika moto kwa urahisi, na moto huamsha mbegu zake zilizolala, kwa hiyo kati yake na pori wekeni ile mistari miwili yenye mita 10 kati yake.

Hekta 2 zilizobaki pandeni miti ya hapa. Maganda ya muputu na mutondo yachumwe yakiwa ya kahawia kabla hayajapasuka, yaanikwe kivulini chini ya kitambaa, la sivyo mbegu zitaruka zote. Msizichemshe. Pandeni mbichi hivyo hivyo, kina cha sentimita moja. Sashe (vifuko vya plastiki vya miche) ziwe ndefu, sentimita 25 angalau, kwa kuwa mzizi hushuka haraka. Kwenye sashe fupi hujikunja, na mti huo hautasimama. Udongo: mafungu mawili ya kawaida, fungu moja lililochotwa sentimita 10 za juu chini ya muputu mkubwa ulio hai. Msilisahau fungu hilo, ndilo lenye uyoga aliousema Mama_Viwavi. Bila huo mche hudumaa na kuwa njano hata ukiwekewa mbolea.

Pandeni Desemba, udongo ukishalowa vizuri. Palilieni duara la mita moja Februari na tena Aprili. Changanyeni na mulombwa.

Yaya_Katuba

Mulombwa iliyopandwa na jirani hukauka shina kila Juni. Wameshang'oa nyingi wakidhani zimekufa.

Bota_Kasapa

Ndiyo tabia yake. Miaka ya mwanzo shina hukauka kila kiangazi, mzizi unaendelea kunenepa, mpaka mwaka utakapopata nguvu ya kutoa shina la kudumu. Msing'oe. Fukueni udongo kidogo shingoni mwa mzizi na mkwaruze kwa ukucha: chini ya ganda kukiwa na unyevu na rangi mbichi, rudishieni udongo, chomekeni kijiti pembeni kama alama ili mpaliliaji asiukate, mngoje mvua.