Kisu kipana cha skimu (sentimita 60): mistari haiishi ukutani

Mjenzi_Kibada:
Wakuu, habari za kazi. Mwiko bapa hausumbui, ila kisu kipana cha skimu (tabaka jembamba la juu la kulainisha ukuta) kimenigomea: kile cha bleidi ya stenlesi ya sentimita 60, mshikio wa alumini, bleidi ya milimita 0.3. Ukuta ni wa ndani, lipu ya mchanga na simenti, na ninapaka unga wa jipsamu. Kila nikivuta kwenda chini, pembe za kisu zinaacha mistari miwili, na kati yake kunatokea mawimbi madogo kama ya bati. Nikirudia kufuta, jipsamu inavurugika na kutoa punje. Kosa liko kwenye kisu, kwenye mchanganyiko au mkononi? Na hiki ni kisu cha kupakia pia, au cha kunyooshea tu?

Lipu_na_Rangi:
Mkuu, cha kunyooshea tu. Pakia kwa mwiko bapa au rola, unene wa milimita 1 hadi 2, halafu kisu kifuate papo hapo. Ukipakia kwa kisu, utamwaga nusu chini.

Mistari ya pembeni: kisu kipya kina pembe kali za mraba. Loweka msasa namba 400, sugua pembe zote mbili ziwe mviringo kidogo sana, milimita 2 zinatosha. Kisha laza msasa namba 600 juu ya kioo au kigae bapa, simamisha bleidi, ipeleke na kuirudisha mara kumi hivi ili vinundu vya kiwandani viishe. Kagua kwa ukucha, usitumie nyama ya kidole, inakata. Ukucha ukikwama mahali, rudia.

Mawimbi ni ya mkono. Bleidi nyembamba ikisimamishwa sana huku umeikandamiza, hujikunja, hukwama, hujiachia, hukwama tena. Hayo ndiyo mabati unayoyaona. Materiali ikiwa mbichi, laza kisu kiasi cha nyuzi 30 kutoka ukutani, mikono miwili, kila mmoja karibu na ncha ya mshikio. Ukibana katikati, kisu kinapinda na kuchimba mfereji. Kadiri jipsamu inavyokaza unaweza kukisimamisha zaidi, ila nguvu inapungua, haiongezeki.

Tena, 0.3 ni bleidi ya koti (tabaka) la mwisho. Koti la kwanza linataka 0.5, ngumu kidogo, inayokata vilima badala ya kuvifuata. Visu vingi bleidi hubadilishwa kwa skrubu, kwa hiyo huenda huhitaji kununua kisu kingine.

SimentiNyeupe:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, naongezea mpangilio. Koti la kwanza vuta kwa mlalo, la pili kwa wima. Kila mvuto upande juu ya uliopita sentimita 5 hadi 10, na unapomaliza mvuto inua kisu taratibu huku bado kinatembea. Ukikisimamisha ghafla kinaacha ukingo. Futa bleidi kwenye mwiko baada ya KILA mvuto. Punje moja iliyokauka kwenye bleidi inachora mstari kutoka dari hadi sakafuni, na utalaumu kisu bure.

Kuvurugika ni suala la muda. Jipsamu haikauki kama rangi, inaganda kwa kuungana na maji. Ikishaanza kuganda, kila unapoigusa unavunja kilichojishika. Usiongeze maji kwenye ndoo iliyoanza kukaza, itapakika lakini itabaki kama chaki. Koroga kidogo, kilo 5 kwa mara moja mpaka mkono uzoee. Unga unaingia kwenye maji, si maji kwenye unga. Kipimo kiko kwenye mfuko. Mifuko mingi ya kilo 25 hunywa lita 11 hadi 13. Drili iende polepole, ukikimbiza unaingiza hewa, na hewa hiyo inakuja kuwa vijitundu ukutani. Halafu osha ndoo kila mchanganyiko: mabaki yaliyoganda yanaharakisha mgando wa unaofuata.

Timazi:
Wakuu mmesahau ukuta wenyewe. Lipu ya mchanga inanyonya. Ikifyonza maji ya skimu ndani ya dakika chache, kisu cha aina yoyote kitakwaruza. Unyunyizie ukuta maji: yakizama mara moja, ukuta una kiu. Piga brashi kutoa vumbi, kisha praima ya maji (mpako wa kutangulia, unaopunguza kunyonya), uache ikauke. Kulowanisha ukuta chapachapa si dawa, jipsamu itateleza.

Na lipu iwe imekauka kweli. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa tepu ya karatasi yenye gundi pande zote, kiache saa 24. Kikitoa jasho kwa ndani, subiri. Nyumba za karibu na bahari ndizo hasa, chumvi ya kwenye mchanga inatoka na unyevu na kuisukuma skimu ibanduke kama maganda.

Kuna mafundi wanachanganya jipsamu na simenti nyeupe ili "ishike zaidi". Acha kabisa. Ukuta ukipata unyevu, viwili hivyo vinazaa chumvi inayovimba, nyufa zinafuata. Bafuni na nje tumia puti ya simenti (unga wa kulainishia ukuta wa asili ya simenti), peke yake.

Mjenzi_Kibada:
Shukrani sana wakuu. Mawili ya mwisho: kona za ndani kisu hakiingii, na ukuta una bonde la karibu milimita 6 katikati. Kisu cha sentimita 80 kitalimaliza?

Timazi:
Hapana, bonde la milimita 6 si kazi ya skimu. Weka rula ya mita 2, chora mipaka ya bonde kwa penseli, lijaze kwanza kwa tabaka mbili, ya kwanza uikwaruze ikiwa mbichi ili ya pili ishike. Skimu baadaye. Kisu cha 80 kinasaidia kuvuka mabonde madogo tu, na kwa anayejifunza kinachosha mabega.

Lipu_na_Rangi:
Kona: maliza ukuta mmoja, uache ukauke hadi kesho, ndipo upige wa pili. Sentimita 10 za mwisho tumia kisu kidogo, ukivuta kutoka konani kuja nje. Hesabu ya materiali ni kama kilo 1 kwa mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 kwa milimita 2 ni mita za mraba 12 hivi. Kabla ya msasa, weka taa ubavuni mwa ukuta usiku. Mchana hutaona kitu.