Nasoma kutwa nzima ila hamu ya kusoma imeniisha, nyie mnafanyaje?

mkia_wa_penseli

Wakuu habari zenu, naomba mawazo maana hii kitu inanitafuna kimya kimya. Nipo chuo mwaka wa pili, kozi za afya, kwahiyo kusoma siyo jambo la hiari. Tangu mdogo nilikuwa mtu wa vitabu haswa, ile unaitwa mara tatu husikii, taa ikizimwa unajifunika shuka na tochi. Saivi ratiba yangu ni lekcha asubuhi, praktiko mchana, jioni najifungia napiga msuli mpaka usiku mnene, napiga mistari kwa kalamu za rangi, narudia chapta mara ya pili na ya tatu, nafunga nalala. Kesho yake mwenzangu akiniuliza kitu cha kawaida kabisa cha kwenye hiyo chapta nakumbuka kilikuwa ukurasa wa kushoto, chini, kimepigwa kijani, ila chenyewe kinasemaje sikipati ng'o.

Na msinielewe vibaya, sijafeli, maksi zinaenda. Kinachoniumiza ni kwamba siku hizi nikishika kitabu kitu cha kwanza ni kuhesabu kurasa zilizobaki. Vile vya kujisomea tu kwa raha nimeviacha, nikifungua kimoja najisikia kama naiba muda. Sasa nyie ambao bado mnasoma na mnapenda, siku yenu inaendaje? Hii raha huwa inarudi au ndo ukubwa wenyewe?

funga_kitabu

Pole mdogo wangu, nakuita mdogo maana hiyo njia unayopita mimi nilishaipita nikaimaliza. Tuanze na hilo la kusahau, naamini ndo limebeba na lile lingine.

Kurudia chapta mara tatu kunakufanya uizoee sura ya maandishi. Macho yakipita yanasema "aah hii naijua" na wewe unaamini umemaliza, wakati kwenye mtihani hakuna atakayekuwekea ukurasa mbele. Kuna jaribio maarufu la Karpicke na Roediger la mwaka 2008, wanafunzi wa chuo Marekani walipewa jozi 40 za maneno wajifunze, na utacheka, maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, mtu mzima amekaa anahangaika na "mashua". Sasa neno likishashikwa mara moja, kuna walioendelea kujipima nalo tena na tena, na kuna ambao waliendelea kulisoma tu bila kujipima. Wiki moja baadaye waliojipima walikumbuka karibu asilimia 80, wale wa kusoma tu kama 36 hivi. Halafu sikia hii, walipoulizwa mapema utakumbuka mangapi, makundi yote yalikisia karibu nusu. Maana yake huwezi kuhisi mwenyewe kwamba njia unayotumia haikusaidii, ndo maana mtu anaweza kupiga msuli mwaka mzima kwa moyo mmoja na bado akawa anachota maji kwa pakacha.

Mimi nilikuwa nachukua karatasi tupu. Nasoma kipande kidogo, tuseme figo, kurasa tatu nne, nafunga kitabu naandika kila ninachokumbuka bila kuchungulia, kwa maneno yangu mwenyewe ya mtaani. Hapo ndo patamu. Unaandika figo zinachuja kama lita 180 kwa siku, mstari wa chini unaandika mtu anakojoa kama lita moja na nusu kwa siku, mkono unasimama. Hizo zingine zimeenda wapi?? Ulipokuwa unapiga mistari hukujiuliza, zilikuwa namba mbili kwenye kurasa mbili tofauti. Tena plazma yote mwilini, yaani ile sehemu ya maji maji ya damu, ni kama lita 3 tu, kwahiyo ni ile ile inapitishwa kwenye chujio mara 60 hivi kila siku. Ukikifungua kitabu saa hiyo unakifungua una kiu, unataka kujua maji yanarudi kwa njia ipi, na ile mirija midogo yenye majina ya kuvunja ulimi ghafla ina kazi inafanya. Mimi hamu yangu iko hapo, pale nikigundua kuna kitu sikijui na jibu liko karibu.

hesabu_tu

Karatasi tupu naikubali mia kwa mia ila hili la raha tusidanganyane wadau. Kuna masomo hayana raha na hayatakuwa nayo, unayasoma kwa sababu yapo, basi. Mimi nasoma hesabu, naipenda, ila bado kuna mada naziingia kama mtu anayeenda kung'olewa jino, na sijawahi kuona kama hiyo ni dalili kwamba nimepoteza kitu. Mtu akisubiri hamu ije ndo afungue daftari atasubiri mpaka siku ya pepa.

Nachoweza kuongeza ni kuchanganya. Wengi tunafanya maswali ya aina moja ishirini mfululizo, tukimaliza tunajiona vipanga. Rohrer na Taylor mwaka 2007 waliwapa wanafunzi maswali ya kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida, wengine umbo moja moja mpaka liishe, wengine maumbo yote yamechanganywa. Wakati wa mazoezi waliochanganyiwa walikuwa nyuma kabisa, kama asilimia 60 kwa 89. Wiki moja baadaye kwenye mtihani wale wale waliochanganyiwa wakapata 63, wengine 20. Ishirini! Na sababu ukiifikiria haina hata uchawi, ukijua maswali yote ni ya umbo moja hufikirii tena utumie njia gani, unabadilisha namba tu, wakati kwenye pepa kazi ya kwanza kabisa ni kujua swali hili ni la aina gani.

Kwahiyo siku yangu ni hivi: asubuhi kabla ya simu natatua maswali machache ya mada za zamani yaliyochanganywa ovyo, jioni ndo mada mpya. Asubuhi inaudhi. Inaudhi kweli kweli. Ila inafanya kazi.

dada_wa_rafu

@hesabu_tu sawa kaka ila huyu hajauliza namna ya kupasua mitihani, kasema maksi zinaenda. Anauliza kwa nini hataki tena kufungua kitabu. Hayo ni maswali mawili na mnajibu moja.

Mimi nafanya kazi na wanafunzi wanaokuja kutafuta vitabu na hili naliona sana. Wanaoingia na orodha ya mwalimu wanauliza "kiko wapi", wanaoingia na swali lao wanauliza "kuna nini". Wa pili anakaa chini pale pale kati ya rafu, begi mgongoni bado, anasoma.

Kuna utafiti wa Lepper, Greene na Nisbett wa mwaka 1973, watoto wadogo wa chekechea ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora. Kundi moja wakaambiwa mkichora mtapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe, wakachora wakapewa. Wiki chache mbele kalamu zikawekwa tena darasani, hakuna cheti, hakuna anayelazimishwa. Wale walioahidiwa cheti walizishika kama nusu ya muda wa wale ambao hawakuahidiwa chochote. Sasa mkia_wa_penseli mdogo wangu, jiulize tangu uanze shule umepewa nyota ngapi kwa kusoma. Kila ukurasa una maksi nyuma yake, mpaka ukurasa usio na maksi unauona wizi, si ndo neno ulilotumia mwenyewe?

Ushauri wangu ni mdogo tu. Chagua kitu kimoja ambacho hakitatoka kwenye mtihani wako wowote, kiwe mbali na kozi kabisa au kiwe pembeni yake, na usome kila siku kidogo kabla ya madesa, nimesema kabla, siyo baada, maana baada ya hapo muda hautakuwepo. Usikiandikie notisi. Usimalize kitabu kama kinakuchosha. Juzi kuna kijana wa takwimu alikuja na asainimenti ya kuchora grafu tu, nikamtolea habari za John Snow, yule daktari wa London ambaye mwaka 1854 kipindupindu kilipolipuka alipita nyumba kwa nyumba kuuliza waliokufa walikuwa wanachota maji wapi, akaona vifo vimelizunguka bomba moja la Broad Street, akawashawishi wakubwa wa mtaa wakang'oa mpini wa bomba. Na hapo hakuna aliyekuwa anajua kijidudu cha kipindupindu, wengi waliamini ni hewa chafu. Kijana alisahau grafu yake. Akaanza kuniuliza sasa wale wa kiwanda cha bia cha jirani kwa nini hawakufa (walikuwa wanakunywa bia na walikuwa na kisima chao), na wale waliokufa mbali na bomba ilikuwaje. Asainimenti alikuja kuifanya baadaye, na alivyoiongelea ungedhani ni ya kwake siyo ya mwalimu.

hesabu_tu

@dada_wa_rafu nakuheshimu dada yangu ila hao watoto wa cheti usiwasimulie nusu. Kulikuwa na kundi la tatu, hao hawakuahidiwa kitu, wakachora, wakashtukizwa na cheti kile kile mwishoni, na wao hawakupungua hamu. Kwahiyo siyo zawadi inayoua, ni kufanya kitu KWA AJILI ya zawadi. Na wote walikuwa tayari wanapenda kuchora, mtu asiyependa kabisa ni habari nyingine, huyo hana hamu ya kupotezewa. Maksi zenyewe hazina shida, shida unazitazama kabla hujaanza au baada.

dada_wa_rafu

Haya hapo umenipata, naongezea hicho kwenye hotuba yangu 😂

lala_kwanza

Mimi nauliza kitu kimoja tu, mleta mada unalala saa ngapi? Umeandika "usiku mnene" halafu lekcha asubuhi. Jenkins na Dallenbach walishaonyesha tangu mwaka 1924 kwamba mtu akijifunza kitu kisha akalala anakumbuka zaidi kuliko akijifunza akakaa macho muda ule ule. Ukiukata usingizi ili uongeze chapta unakula mbegu. Na hamu ya kusoma haiwezi kukaa kwenye kichwa kinachosinzia, hapo hata hadithi tamu inageuka kuwa mistari tu. Kalale kwanza, mengine tutaongea.

mkia_wa_penseli

Asanteni sana wote, nimesoma kila komenti mara mbili (najua najua, nilipaswa kufunga na kuandika 😅). Nimejaribu karatasi tupu na figo zile zile. Aibu tupu, mistari minne. Swali langu, nikifunga kitabu nikakuta sina cha kuandika nifanyeje, nirudie kusoma au? Na pili nikishakijua kitu nikirudie baada ya muda gani, maana mada ni nyingi nikirudia zote kila siku sitatoboa.

funga_kitabu

Mistari minne siyo aibu, hiyo ndo hesabu yako ya kweli, ile nyingine ulikuwa unakopeshwa na kitabu. Ukikwama usikimbilie kufungua. Kaa na huo ukimya dakika moja mbili, andika hata maswali: "kuna kitu kinaingia hapa sikikumbuki jina", "hii inarudi wapi". Halafu ndo ufungue, utafute hivyo tu, ufunge tena. Ukiona hata maswali hayaji basi kipande kilikuwa kirefu mno, kata, soma aya moja.

Kuhusu muda, mzee wa haya mambo ni Ebbinghaus, Mjerumani, 1885. Alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana akaona kusahau kunakuja kwa kasi mwanzoni, sehemu kubwa inaondoka ndani ya siku ya kwanza, halafu inapungua kasi. Kwahiyo marudio ya kwanza yawe karibu, kesho yake, yanayofuata uyavute mbali mbali. Rahisi kuliko yote ni visanduku vya Leitner, mwandishi wa miaka ya 1970. Unaandika swali upande mmoja wa kadi, jibu upande wa pili. Kadi mpya zote sanduku la kwanza, hilo unalipitia kila siku. Ukiipata inahamia sanduku la pili la siku chache, ukiipata tena inasogea la tatu la kila wiki, na kuendelea. Ukiikosa, hata kama ilishafika la mwisho, inarudi la kwanza bila huruma. Baada ya muda unakuta kila siku una kadi chache tu na zote ni zile zinazokusumbua kweli. Zipo programu za simu zinafanya hivyo hivyo, ila kama simu inakuvuta pembeni kata karatasi.

Angalizo, kadi iwe na swali la KWA NINI, siyo jina tu. "Nefroni ni nini" (ni kile kichujio kidogo cha figo pamoja na mrija wake) utaikariri kama kasuku.

hesabu_tu

Jamani mimi wa hesabu mmenifanya nimekaa na figo saa hizi. Lita 180 zinaingia, moja na nusu inatoka, maana yake zaidi ya asilimia 99 inarudi kwenye damu. Nani anasukuma maji yote hayo? Na kama karibu yote yanarudi, kuyatoa mwanzoni kulikuwa na faida gani?

funga_kitabu

Maji hakuna anayeyasukuma mkuu. Kinachosukumwa ni chumvi, sodiamu, hiyo ndo inakula nishati, seli za kuta za mrija zinaipampu kuirudisha upande wa damu na maji yanaifuata yenyewe kwa osmosisi, yaani maji kuhamia kwenye chumvi nyingi zaidi. Kama theluthi mbili inarudi pale pale kwenye kipande cha mwanzo cha mrija. Mwishoni ndo homoni inaamua kiasi gani kiachwe kitoke, inategemea mwili una maji mengi au machache.

Hilo swali lako la pili ndo zuri. Kwa sehemu kubwa figo haichagui uchafu mmoja mmoja, ingebidi iwe na mlango wa kila sumu, hata zile ambazo mwili haujawahi kukutana nazo. Inatoa karibu kila kitu kidogo kilichoyeyuka kwenye plazma, kisha inarudisha vile inavyovitambua na kuvitaka. Isichokitambua kinabaki ndani ya mrija na kinaondoka.

mkia_wa_penseli

Subiri kidogo. Kwahiyo sukari kwenye mkojo wa mgonjwa wa kisukari siyo kwamba chujio limeharibika, ni kwamba imekuwa nyingi kuliko vibebaji vya kuirudisha???

funga_kitabu

Ndiyo. Vibebaji vina kikomo, vikijaa ziada inapita, na inavuta maji pamoja nayo, ndo maana anakojoa sana na ana kiu muda wote. Hiyo kaiandikie kadi.