Delta ya Rufiji au ya Tana kwa kutazama ndege?

mwari_mweupe: Wakuu, nina likizo ya siku nne na nauli nimeshatenga. Nataka ndege wa majini. Rufiji au Tana?

kitwitwi: Mwezi gani? Unatokea wapi? Darubini unayo? Bila hayo tutabahatisha tu.

BintiGarsen: Njoo Tana. Mto ukifurika, maziwa ya pembeni hapa Garsen hujaa kwarara, korongo na mwari, na miti huinama kwa viota. Tafuta kijana wa Kipokomo mwenye mtumbwi, anajua kila kona. Ni eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2012.

MzeeKibiti: Rufiji nayo ni Ramsar, tangu 2004, pamoja na Mafia na Kilwa. Ila sifa zao ni tofauti. Tana nguvu yake ni nyasi na maziwa, Rufiji ni mikoko, karibu hekta 50,000, na matope ya pwani. Kuna yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa. Hutaga ndani ya mashimo ya mchanga huko Oman na Ghuba, kisha hushuka kwetu. Kwangu huyo peke yake anatosha kumleta mtu.

sululu77: Mzee, waambie na habari ya maji. Sisi tulipewa nahodha na mtu wa kati, kumbe si mwenyeji. Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Tukaingia mkondo mwembamba kumfuata mdiria, maji yakaanza kutoka. Tukamwambia turudi, akasema bado. Mara boti imelala ubavu. Mwenzetu alishuka asukume, akazama hadi mapajani, tukamvuta kwa kasia. Tulikaa juani hadi maji ya kunywa yakaisha, jioni mbu wakatushukia, na boti ikaelea usiku. Ndege wenyewe walikuwa mbali kwenye ukingo wa tope, vidoa tu. Tulipodai nusu ya pesa, mtu wa kati akazima simu.

kitwitwi: Pole sana. Toka wakati maji yanajaa: tope linapungua na ndege wanasogezwa ulipo. Na darubini iwe 8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ni milimita 42. Hiyo ya 10 kwenye boti inatetemeka.

BintiGarsen: Huku tunasimama nchi kavu. Kwa 10 naona hadi vidole vya njano vya yangeyange.

kitwitwi: Hata 8 inavionyesha, na picha yake huwa na mwanga zaidi alfajiri.

mambrui_kwetu: Mbona hamtaji mdomo wa Sabaki, kaskazini ya Malindi? Unatembea kwa miguu, boti ya nini?

MzeeKibiti: Sabaki si delta.

sululu77: Tana yenyewe inafurika kama zamani, na mabwawa yote yale huko juu?

BintiGarsen: Si kama zamani, na inatuuma. Mafuriko yakikosekana maziwa yanakauka, na samaki na ndege wanaondoka. Nanyi sasa mna Bwawa la Nyerere huko juu ya Rufiji.

MzeeKibiti: Aprili 2024 maji yalimeza mashamba yetu hata hivyo. Mikoko inataka maji baridi, yasiyo ya chumvi, na udongo wa mto. Hilo wenye bwawa walizingatie.

mwari_mweupe: Samahani kwa kuchelewa. Ni Desemba, natokea Tanga. Darubini sina.

kitwitwi: Basi anza na darubini. Kuna mwenye 8x42 iliyotumika anauza?

mambrui_kwetu: Ninayo 10x50, nzito kidogo.