Mjadala: nyumba ya mzee iuzwe kulipia matunzo yake?

Mkaa Leeds: Wakuu, jirani yangu, bibi wa miaka 84, kahamishiwa nyumba ya wazee na kwake kumeshabandikwa kibao cha kuuzwa. Hapa England ukiwa na mali inayozidi pauni 23,250 unajilipia matunzo yote, na nyumba inahesabiwa kama huna mwenza anayeishi humo. Kiwango hicho hakijapandishwa tangu 2010! Mwaka 2011 tume ya serikali iliyoongozwa na mchumi Andrew Dilnot ilipendekeza mtu asilipie matunzo zaidi ya pauni 35,000 maisha yake yote. Sheria ya kuweka ukomo ikapita 2014, ila ukomo wenyewe ukaahirishwa weee mpaka ukafa. Waziri mkuu Boris Johnson akaja na ukomo wa pauni 86,000, waziri wa fedha Rachel Reeves akaufuta 2024. Sasa tusubiri tume nyingine ya matunzo, ya Louise Casey, hadi 2028. Kwa nini tusikatwe wote bima ya matunzo kama Ujerumani? Wenzetu wanayo tangu 1995.

Bwana Shoka: Iuzwe. Wamezoea kuwatupa wazazi wao, basi walipie. Kwetu mzazi hafii mikononi mwa wageni. Nikatwe mimi mshahara ili mtoto wa mtu arithi nyumba?

Mama Naila: Kuwatupa? Huu mwaka wangu wa 9 kwenye kazi ya kea, kutunza wazee. Kuna binti ana miaka 61, mgongo wenyewe mbovu, kila saa 11 jioni yuko pale anamlisha mama yake kijiko kwa kijiko. Mama hamjui tena, anamwita nesi. Basi likichelewa anapiga simu tusimlishe, tumsubiri. Huyo katupa mzazi? Futa hilo neno.

Bwana Shoka: Dada, mmoja huyo. Vyumba vingapi hapo havigongwi hodi hata Krismasi?

Mama Naila: Vipo, na vinaniuma. Na mama yako anaogeshwa na nani?

Bwana Shoka: Mama yangu usimguse! Natuma hela kila mwezi, na dada yangu yuko naye.

Binti Pwani: Dada yako aliacha nini ili akae naye? Nauliza kwa sababu kwetu dada huyo ni mimi. Nilifunga duka langu. Usiku naamka kila baada ya saa mbili kumgeuza mama asipate vidonda. Kaka zangu wanatuma ya dawa na pampasi, nawashukuru, lakini wakisimulia huko wanasema "tunamtunza mama". Mnamtunza mkiwa wapi?

Kijana wa Glasgow: Jamani, mada. Hamieni Scotland, huku matunzo ni bure.

Mkaa Leeds: Si yote, mdogo wangu. Tangu 2002 kisicholipiwa huko ni huduma za mwili: kuogeshwa, kuvishwa, kulishwa. Kwenye nyumba ya wazee, mwenye mali chumba na chakula analipia. Na Shoka, ulishakatwa. Ile asilimia 1.25 iliyoongezwa kwenye makato ya mshahara ya bima ya taifa 2022, Aprili hadi Novemba, ilikuja kwa jina la afya na matunzo. Ikaondolewa, na ule ukomo haukuja. Nijibuni basi: mwenye saratani anatibiwa bure na NHS, huduma ya afya ya taifa, kwa nini mwenye dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, auze nyumba?

Bwana Shoka: Binti Pwani, dada yangu alikuwa anafundisha chekechea. Aliacha. Sikuwahi kumuuliza kama alitaka.

Mama Naila: Muulize.

Mkaa Leeds: Na swali langu?

Mama Naila: Kaka Leeds, wote tuchangie, hata mimi mwenye mshahara huu mdogo. Ila hela hiyo ifike kwa anayeogesha. Naingia zamu ya usiku, tutaendelea kesho. Shoka, lile neno bado hujalifuta.

Bwana Shoka: Nimelifuta. Lakini kukatwa sikubali.