Mama aliwekewa utepe wa kuzuia mkojo Uingereza: je, bado ana haki ya kudai fidia?

Binti wa Makunduchi aliuliza:

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa mwenye kujua, hasa walioko Uingereza. Mama yangu, mwenye miaka 63, alipasuliwa huku England mwezi Novemba 2014 kwa sababu mkojo ulikuwa ukimtoka kila akikohoa au akiinua kitu kizito. Aliambiwa kwamba ni upasuaji mdogo, atawekewa utepe wa kushikilia njia ya mkojo na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mkojo kweli ulikoma, lakini tangu mwaka wa pili maumivu ya kinena na paja la kushoto hayajamwacha. Hukalia upande mmoja wa kiti, kanga ameikunja mara nne chini ya nyonga, na siku hizi hata sala huisalia kitini. Miaka yote hiyo aliambiwa ni mgongo, kisha akaambiwa ni umri. Mwaka jana ndipo daktari mmoja mwanamke alipomweleza waziwazi kwamba utepe ule ni wavu wa plastiki na kwamba maumivu yanatokana nao.

Shangazi yangu aliyeko Marekani anasema kwamba huko wanawake wote wamelipwa, na amempa mama namba ya mtu anayeahidi fedha iwapo atakubali kuung'oa haraka. Je, dai bado lipo, au muda umeshapita?

Nesi Mstaafu alijibu:

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya wanawake kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaanza na hilo la kung'oa, kwa kuwa ndilo lenye hatari. Wavu huo umefumwa kwa nyuzi za polipropilini, na matundu yake yameachwa makusudi ili nyama iote na kupenya ndani yake. Ndiyo sababu unashika vizuri, na ndiyo sababu hautoki kirahisi: daktari anayeutoa hafumui uzi, bali anaukata kidogo kidogo kutoka katika nyama iliyo jirani na kibofu, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Wako waliopata nafuu kubwa, wako ambao mkojo uliwarudia, na wako ambao maumivu yalibaki palepale.

Kuna njia mbili kuu za kuupitisha utepe huo. Moja hupita nyuma ya mfupa wa kinena, na nyingine hupita katika misuli ya mapaja. Maumivu ya paja hunifanya niifikirie hii ya pili, ambayo kuutoa wote ni kazi ngumu zaidi, lakini faili pekee ndilo litakalosema. Msihangaike na eksirei ya kawaida, kwa sababu plastiki hii haionekani humo. Ombeni rufaa ya kwenda katika vituo maalumu vya matatizo ya nyavu vilivyoanzishwa England mwaka 2021, na yule wa kwenye simu asipewe hata tarehe ya kuzaliwa ya mama.

Mzee wa Leicester aliuliza:

Samahani kwa kuingilia. Mimi niliwekewa wavu wa ngiri, je, ni huu huu?

Nesi Mstaafu alijibu:

Malighafi mara nyingi ni hiyo hiyo, lakini mahali unapowekwa ni tofauti sana. Kama huna maumivu, mzee wangu, usijitafutie ugonjwa.

Karani wa Sheria alijibu:

Dada, nitatenganisha Marekani na huku, maana shangazi amevichanganya. Huko kesi zaidi ya 100,000 zilikusanywa katika mahakama ya shirikisho ya West Virginia mbele ya Jaji Joseph Goodwin, dhidi ya watengenezaji kadhaa. Wengi walilipwa kwa makubaliano, lakini kwa viwango vilivyotofautiana mno, na baada ya mawakili kukata sehemu yao wako waliobakiwa na kiasi kidogo. Tena kulikuwa na watu waliowapigia wanawake simu na kuwashawishi wafanyiwe upasuaji wa kuutoa kwa sababu tu kesi ya aliyepasuliwa ilithaminiwa zaidi. Namba aliyopewa mama inanikumbusha hao.

Hapa England kuna milango miwili. Wa kwanza ni dai dhidi ya mtengenezaji kwa bidhaa yenye kasoro, chini ya sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 1987. Mlango huu hufungwa kabisa miaka 10 baada ya bidhaa kuingizwa sokoni, hata kama mgonjwa hakujua lolote, na kwa tarehe ya mama yako naona umeshafungwa. Wa pili ni dai la uzembe dhidi ya hospitali. Huo una ukomo wa miaka 3, lakini miaka hiyo huweza kuhesabiwa tangu siku mgonjwa alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ameumia na chanzo ni nini. Ndiyo maana maneno ya yule daktari wa mwaka jana yana uzito kuliko mnavyodhani, na barua yake itafuteni. Upande wa pili watasema alipaswa kujua mapema, na hapo ndipo zile "ni mgongo" na "ni umri" zilizoandikwa na madaktari wenyewe zitamsaidia.

Kiini cha dai la namna hii mara nyingi ni ridhaa. Hukumu ya Montgomery ya Mahakama ya Juu, mwaka 2015, ilisema kwamba daktari lazima amweleze mgonjwa hatari ambazo mtu aliye katika hali yake angezijali, pamoja na njia nyingine za tiba. Kwa mama yako njia hizo zingekuwa, kwa mfano, mazoezi ya misuli ya nyonga. Je, mama anasoma Kiingereza? Nani alimtafsiria siku ile?

Ombeni nakala ya faili lote. Ni haki yake, hailipiwi, na kwa kawaida hospitali ina mwezi mmoja wa kuitoa. Tafuteni karatasi ya chumba cha upasuaji, ambamo hubandikwa stika ya kifaa yenye jina la bidhaa na namba ya toleo.

Mtasikia pia habari za mfuko wa serikali. Ni kweli kwamba Februari 2024 Kamishna wa Usalama wa Wagonjwa, Henrietta Hughes, alipendekeza wanawake walioumizwa na nyavu walipwe pauni 20,000 kwa kuanzia, lakini hayo ni mapendekezo, si sheria. Anayekutozeni ada ili "awaandikishe" ni tapeli.

Mama Salma alijibu:

Mwanangu, mimi nilitolewa kipande tu, nami nikidhani umetoka wote, kumbe mikono yake ilibaki mapajani. Mkifika kwenye kituo hicho, muulizeni daktari ametoa nyavu ngapi nzima kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya upasuaji mwombeni aandike urefu wa alichokitoa. Mama asione haya kuitaja na shida ya tendo la ndoa kama anayo. Mimi niliificha kwa daktari miaka minne, na katika faili langu ikawa kama haikuwahi kuwapo.

Binti wa Makunduchi alijibu:

Ahsanteni sana. Faili limefika jana, kurasa 212. Stika ipo, na utepe ulipitishwa mapajani kama alivyohisi mama nesi. Fomu ya ridhaa ni ya Kiingereza, mama ameweka sahihi yake kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni, na pale panapotakiwa jina la mkalimani hapana kitu. Nilipomuuliza nani alimtafsiria, alisema ni mimi, kwa simu, na kwamba nilimwambia, "Mama, wanasema ni kitu kidogo tu." Miadi ya wakili ni Jumanne.