Nabadilisha choo mwenyewe, nianzie wapi?

Mtu wa Kisauni
Assalaam aleikum nduguzangu. Choo cha kukaa hapa nyumbani kimepasuka, nataka kutia kipya mwenyewe. Fundi kataka 4,000, na mimi naona ni kazi ya nati na simiti nyeupe tu. Sijawahi. Jumapili tuna mgeni, nijibuni upesi.

FundiMifereji
Funga vali ya tangi, flashi mpaka liishe, yaliyobaki kwenye bakuli yakaushe kwa tambara. Kabla hujanunua, pima kutoka ukutani hadi katikati ya tundu, na uangalie bomba la kutolea liko sakafuni au ukutani. Nati usizikaze kwa hasira, kauri hupasuka. Skrubu chukua za shaba; kama mwatumia maji ya kisima, ile chumvi haibakishi chuma.

MamaNazi
Mume wangu naye alianza hivi hivi, “kazi ya asubuhi moja”. Siku tisa twaenda kwa jirani na ndoo. Ikafika mahali jirani akisikia kandambili zangu anatia chai.

Ibnu Tudor
4,000 waona nyingi, na simu unayoandikia je? Mwachie fundi riziki yake.

Mtu wa Kisauni
Sikuuliza riziki, nimeuliza choo. @FundiMifereji nishanunua. Hiki kinatoa nyuma, tundu liko sakafuni, lakini muuzaji kasema kuna kiwiko cha plastiki. Swali langu jingine: mbona nikimwaga maji kwenye tundu yanapanda?

FundiMifereji
Kiwiko kipo, ila huenda choo kikasogea mbele, mlango ukakataa kufunga. Sasa ngoja. Wamwaga kwenye tundu, basi cha zamani ushang'oa. Umeziba na nini?

Mtu wa Kisauni
Harufu ilikuwa haivumiliki. Nikachukua leso ya mke wangu kwenye kamba, nikaziba. Nikageuka, nikapiga ndoo teke, maji yakaingia nayo ikatelemka. Nilidaka pindo, nikabaki na nyuzi nyekundu kwenye kucha. Lakini kuziba si ndiyo sawa?

FundiMifereji
Kuziba sawa. Kwa tambara nene, limefungwa kamba, ncha iko nje. Usimwage maji tena! Tafuta waya mgumu, pinda ncha kama ndoana, vuta polepole. Ikikataa, fungua chemba ya nje uivutie huko.

Kinyozi wa Majengo
Yakhe, huyu si ndiye alofungua uzi Ramadhani anatafuta mchumba? “Sijaoa, niko tayari.” Leo ana mke, ana leso kwenye kamba. Mwapoteza waya wenu bure, hii ni hadithi.

Ibnu Tudor
Hahaha! Picha ya tundu, la sivyo hakuna choo.

Mtu wa Kisauni
Wallahi choo kipo. Leso ni ya shemeji. Nyumba ni ya kaka.

FundiMifereji
Kaka anajua?

Mtu wa Kisauni
Wako Lamu. Ndio wageni wenyewe wa Jumapili.

Kinyozi wa Majengo
Na kilipasuka vipi?

Mtu wa Kisauni
Nilikipanda kubadilisha balbu.

MamaNazi
Maskini. Hiyo leso ina jina gani, angalau tumtafutie shemeji nyingine?

Mtu wa Kisauni
“Mgeni njoo, mwenyeji apone.”